Wimbo Mbichi

Kila mwaka mwezi Mei unapoingia, mpunga wa kwetu Michenga, bondeni upande wa Ifakara, huwa na siku chache ambazo shamba halijulikani kama ni la kijani au la njano. Mashuke yameinama, majani yangali mabichi, na ukiibonyeza punje kwa ukucha haivunjiki kama mchele, wala haitoi maji meupe kama ilivyokuwa wiki mbili nyuma. Inabonyea tu, laini kama nta. Hizo ndizo siku za pepeta. Mpunga hukatwa kidogo, kikapu kimoja au viwili, ukakaangwa na unyevu wake kwenye chungu juu ya moto wa kuni, kisha ukamiminwa kinuni ungali wa moto na kutwangwa na watu wawili wanaopokezana michi. Punje hazisagiki. Zinalala bapa, na rangi yake ya kijani iliyofifia, na zikipepetwa zinatoa harufu ambayo haimo kwenye wali wala kwenye mpunga mkavu wa ghalani. Unazila kwa mkono, na nazi iliyokunwa kama ipo, na sukari kama ipo. Baada ya majuma mawili matatu huzipati tena, uwe na fedha kiasi gani. Mpunga umekwisha kukauka, umekuwa mali, unapimwa kwa debe na kupakiwa kwenye malori.

Nilikuwa na konzi ya pepeta mkononi nilipomsikia kijana mmoja akisema maneno ambayo tangu siku hiyo sijaweza kuyaweka chini. Ilikuwa usiku, kando ya barabara, na bendi ndogo ya vijana ilikuwa imetandika vyombo vyake kwenye uwanja wa baa: gitaa la solo na la rithimu, besi, kinanda kimoja, tumba na drams. Walikwisha kupiga nyimbo za watu, zile ambazo kila mmoja anazijua na kuziitikia bila kufikiri. Kisha mwimbaji akajifuta jasho, akasogea karibu na mikrofoni na kusema kwa sauti ya chini kidogo: huu sasa ni wetu, haujatoka bado, naombeni simu zikae mfukoni. Watu wakaguna. Simu nne tano zikashuka, mbili zikabaki juu. Gitaa la solo likaanza peke yake, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

Haujatoka. Lugha yetu imelibebesha neno hili mambo mengi. Jua hutoka. Jino la mtoto hutoka. Majibu ya mtihani hutoka, na nyumba nzima ikanyamaza. Mwali naye hutoka, tena hatoki mwenyewe, hutolewa, baada ya siku zake za kufundwa ndani, amepakwa mafuta na kuvikwa kanga mpya, watu wakimpokea kwa vigelegele na kumtunza. Nikiufikiria wimbo ambao haujatoka, mfano unaonijia ni wa huyo mwali. Hakuwekwa ndani kwa sababu ya aibu. Yumo ndani kwa sababu kuna kazi ambayo haijamalizika. Wala hayuko peke yake humo: yupo somo wake, wapo wanawake wawili watatu wanaoingia na kutoka na maji na chakula, wanaomwona kabla hajapambwa, wanaojua alilia wapi na alicheka wapi. Siku ya kutolewa, umati wote utamwona. Lakini wale wachache watakuwa wamemwona kwa namna ambayo umati hautaipata kamwe, na hata akija kuwa bibi mwenye wajukuu, wao ndio watakaomtazama na kumwona yule wa ndani.

Nami niliwahi kuuona wimbo ungali mwali. Nilikuwa mtoto, miaka ya 1980, na nilikuwa nje ya dirisha la ukumbi mmoja wa Ifakara pamoja na watoto wengine ambao hawakuwa na kiingilio wala ruhusa. Bendi za Dar es Salaam wakati huo zilikuwa na desturi ya kuufuata msimu. Palipouzwa pamba zilikwenda, palipouzwa kahawa zilikwenda, na huku kwetu zilikuja mpunga ukishavunwa, watu wakiwa na kitu mfukoni. Bendi ya usiku huo ilikuja kwa treni ya TAZARA, reli ambayo Tanzania na Zambia zilikabidhiwa na Wachina mwaka 1976, na vyombo vikavutwa kwa mkokoteni kutoka stesheni hadi mjini, spika zimefunikwa maturubai kama wagonjwa. Tuliufuata mkokoteni ule njia nzima. Baba mdogo alikuwa amevaa shati lake la mikono mirefu tangu saa nane mchana.

Katikati ya usiku mwimbaji alisema kwamba wimbo unaofuata bado hawajaurekodi, na kwamba watu wa Ifakara wausikilize wamwambie. Ulianza taratibu. Ulikuwa kisa cha mtu aliyemwacha mama yake akaenda kutafuta kazi mbali, na aliporudi akakuta nyumba imeezekwa na watu wengine, kwa makuti mapya, na mama hayupo. Watu walicheza wakiwa wameinamisha vichwa. Kisha, pale ambapo wimbo ulikuwa unataka kugeuka na kuingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwendo wa kasi, spika ya besi ikakata. Nilimwona kwa macho yangu mpiga besi akipiga magoti, anafuata waya kwa vidole, huku wenzake wakitazamana. Mpiga tumba hakungoja. Aliingia peke yake, mwimbaji akaanza kupiga makofi kumsindikiza, ukumbi ukayapokea yale makofi, na sisi nje ya dirisha tukayapokea kutoka kwao, na kwa muda ambao siwezi kuupima hapakuwa na kitu kingine duniani ila ngozi ya tumba na viganja vya watu waliokuwa wametoka kuvuna. Halafu besi ikarudi, nzito, kutoka chini, na chemko lililoanza hapo sijalisikia mfano wake.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa Michenga, jioni, redio ya betri imening'inizwa kwenye msumari, na wimbo ule ukapigwa. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyoukumbuka. Ubeti wa makuti mapya haukuwemo. Lakini ulipofika pale pa kugeuka, besi ilinyamaza. Tumba likabaki peke yake, na makofi. Baba mdogo alisimama, akainyooshea redio kidole kana kwamba kuna mtu ndani yake, akasema: "Hapo! Hapo ndipo Ifakara ilipo!" Sina hati ya kuthibitisha alichosema. Inawezekana usiku wa Iringa au wa Mbeya nao uliweka kitu chake kwenye wimbo uleule, na watu wa huko wana mahali pao pa kunyooshea kidole. Lakini kwa muda wote aliokuwa hai, kila wimbo ule ulipopigwa, mtu mmoja nyumbani kwetu alisimama mahali palepale.

Msomaji aliyezaliwa na kuukuta mtandao huenda asione kwa urahisi kutoka kwa wimbo kulikuwa nini wakati huo. Mlango ulikuwa karibu mmoja tu, nao ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikawa nyembamba. Bendi ilipeleka mashairi yake yakapitiwa kwanza. Ikikubaliwa, iliingia studio ikiwa nzima, wapuliza tarumbeta, wapiga magitaa, waimbaji na wote, na kurekodi kwa mikrofoni chache, kwa mpigo mmoja, wimbo mwanzo hadi mwisho. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Hapakuwa na kubandika sauti ya huyu leo na gitaa la yule kesho. Kwa hiyo bendi isingeweza kuingia mle na wimbo isioujua. Wimbo ulitungwa, ukafanyiwa mazoezi mchana, ukapelekwa ukumbini usiku, ukarudishwa mazoezini, ukapelekwa tena, mpaka ukaiva. Ukumbi ndio uliokuwa studio ya kwanza. Ile ya redio ilikuja tu kuandika kile ambacho ukumbi ulikuwa umekwisha kukiamua.

Na uamuzi wenyewe ulitolewa kwa miguu na kwa noti. Watu husema mcheza kwao hutunzwa, na wengi huichukua methali hiyo kama sifa ya nyumbani. Mimi naisikia kama maelezo ya kazi. Mtu anayetunza hainuki ovyo. Ameketi, anasikiliza, anakunywa, na ghafla mstari fulani unamgusa mahali ambapo hakutarajia kuguswa. Anainuka, anakatiza katikati ya wachezaji, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso na kurudi kitini bila kusema neno. Noti ile haikuangukia wimbo mzima. Iliangukia mstari. Mtunzi mwenye akili, hata akiwa amefumba macho anaimba, anajua ilimwangukia wapi, na asubuhi yake mazoezini mstari ule utarudiwa mara mbili badala ya moja. Hivyo ndivyo bendi kama DDC Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978, na Juwata iliyokuwa NUTA ya mwaka 1964, zilivyoshindana usiku baada ya usiku kwa majina ya Sikinde na Msondo, majina ambayo zenyewe ziliyachukua kwenye ngoma za jadi. Shabiki wa Sikinde hakuwa mnunuzi wa Sikinde. Aliufahamu wimbo tangu haujapata jina. Aliukosoa, aliutetea, na ulipofika redioni aliwaambia jirani zake, kwa haki kabisa, kwamba huu wetu.

Ndiyo maana hata mlango ule mmoja ulipofungwa, wimbo haukufa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, alipotunga Mambo kwa Soksi kuwahimiza watu wajikinge na UKIMWI kwa kondomu, redio ya taifa haikukubali kuupiga. Watu waliujua. Waliupata mahali ambapo wimbo hupatikana kwanza, mbele ya mwimbaji mwenyewe, na kutoka hapo ukatembea kwa midomo na kwa kaseti. Kuna nyimbo ambazo hazikutoka kwa maana ya ofisi, na zikafika mbali kuliko zilizotoka.

Nilidhani jambo hili ni letu, la watu waliokosa mitambo. Kumbe hata wenye mitambo yote wamelifanya. Tarehe 20 Januari 1972, katika mji wa Brighton kwenye pwani ya Uingereza, bendi ya Pink Floyd ilipanda jukwaani na mfululizo wa nyimbo ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Hazikuwa zimerekodiwa. Katikati ya mfululizo huo mitambo yao ikawashinda, sauti zilizopangwa zitoke kwenye kanda zikavurugika, ikabidi wasimame. Hawakuzificha nyimbo zile baada ya fedheha hiyo. Walizunguka nazo mji kwa mji, mwezi kwa mwezi, wakizirekebisha mbele za watu, na zaidi ya mwaka mmoja baadaye, Machi 1973, zikatoka katika albamu ya The Dark Side of the Moon, ambayo dunia nzima inaijua. Niliposoma habari za usiku ule wa Brighton niliweka kitabu chini. Nilimwona mpiga besi wa Ifakara amepiga magoti. Sikuwaza ni nani mkubwa na nani mdogo kati yao. Niliwaza watu waliokuwa wamesimama pale Brighton wakati kimya kilipoingia, na kwamba baadhi yao, wazee sasa, bila shaka wana mahali katika albamu ile wanapopanyooshea kidole.

Na kuna wimbo uliosubiri zaidi. Radiohead, Waingereza vilevile, walianza kuupiga True Love Waits mbele ya watu mwaka 1995. Hawakuridhika nao. Walijaribu kuurekodi studio, wakaushindwa, wakauacha, wakaurudia, na mashabiki wakaendelea kuubeba kwa kanda zilizonaswa ukumbini, mpaka toleo la studio lilipotoka mwaka 2016. Zaidi ya miaka 20. Mtu aliyeusikia mara ya kwanza akiwa hajaoa aliupokea ukiwa umekamilika huku ana mtoto wa kumzidi kimo. Wimbo ulikuwa umepunguzwa mwendo, umebaki na kinanda tu, umekuwa wa mtu aliyepoteza. Waliobahatika ni wale waliokuwa na vyote viwili, ule wa gitaa la ujana na huu wa kinanda cha utu uzima, kwa sababu kati ya hivyo viwili ndipo palipokaa maisha yao wenyewe.

Sisi wa mkoa wa Morogoro tuna sababu ya kuziwaza kwa uchungu nyimbo ambazo hazikutoka. Salum Abdallah, aliyeipa Morogoro bendi ya Cuban Marimba, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga gitaa la Morogoro Jazz mpaka Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano na mtindo wake wa Masika, naye alikufa kwa ajali ya gari, pwani ya Kenya, Januari 1979. Tunahesabu nyimbo walizoziacha na tunashukuru kuwa ni nyingi. Lakini mtunzi haachi kutunga siku ya safari. Kila bendi iliyo hai huwa na nyimbo tatu nne zilizo katika mazoezi, zenye ubeti mmoja uliokamilika na mwingine wa kuguna tu, zenye chemko ambalo halijapata maneno. Hizo zilikwenda wapi? Baadhi zilipigwa usiku mmoja, kwenye ukumbi fulani wa Kilosa au Dodoma, na kuna mtu aliyerudi nyumbani na kipande chake kichwani, akakiimba akipalilia, asijue kwamba ndicho pekee kilichobaki. Wahenga walisema usikate kanzu na mtoto hajazaliwa. Walisema kweli. Ila hawakutuambia tufanye nini na kitambaa, mtoto anapokosekana.

Huku bondeni tuna mfano mwingine wa kitu kinachoonjwa na watu kabla hakijatoka, na wakulima wanaujua kuliko wanamuziki. Mbegu nayo hutolewa. Kituo cha utafiti kilichojulikana wakati huo kama KATRIN, hapahapa Ifakara, ndipo ilipokuzwa aina ya mpunga iliyoandikwa kwenye vitabu kama TXD 306 na kutolewa rasmi mwaka 2002. Mkulima hamwiti mtoto wake kwa namba. Mbegu hiyo anaiita Saro. Kabla mbegu haijatolewa, huwa imekwisha kupita kwenye majaruba ya watu, kipande hapa, kipande pale, mvua hii na mvua ile, na wenye majaruba wamekwisha kuipika na kusema neno lao juu ya harufu yake, kama inafikia ile ya mpunga wa Supa au haifikii. Mtafiti mwenye busara husimama pembeni ya chungu na kusikiliza. Akitoka na mbegu ambayo haijawahi kuonjwa, itakaa ghalani. Sioni tofauti kubwa kati ya chungu hicho na ukumbi wa dansi. Kuna vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvimaliza peke yake hata awe hodari namna gani, kwa sababu sehemu ya mwisho ya kazi imo kwenye vinywa vya wengine.

Narudi kwa kijana wa Michenga na zile simu mbili zilizobaki juu. Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa na haki ya kuomba alichoomba. Hofu yake ya kwanza naielewa, nayo si ya kubuni: wimbo ukinaswa leo usiku, kesho asubuhi umo kwenye simu mia moja, na kesho kutwa mtu mwenye studio anaweza kuuchukua mdundo wake, akautolea wake kwanza, na mwenye nao akaonekana mwizi. Lakini nilipomtazama usoni niliona hofu nyingine, na hiyo ndiyo inayonigusa. Alikuwa anataka nafasi ya kukosea. Wimbo ambao haujatoka ni ahadi ya pande mbili. Mwimbaji anakubali kutuonyesha kitu ambacho hakijakamilika, nasi tunakubali kutokukishika kama kilichokamilika. Simu inaivunja ahadi hiyo bila kukusudia. Kuanzia hapo mwimbaji hawaimbii tena waliosimama mbele yake. Anamwimbia mtu asiyekuwepo, atakayeketi kesho kitandani na kumhukumu kwa sekunde thelathini. Anayejua hivyo hajaribu. Anapiga alichokwisha kukizoea, kwa sauti aliyokwisha kusifiwa nayo, na ubeti wa makuti mapya unabaki kichwani mwake usisikike hata mara moja.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ningekuwa nimesema nusu. Kwa sababu natamani, natamani sana, kwamba usiku ule wa Ifakara kungekuwa na mtu mwenye kinasa sauti dirishani. Ubeti uliokatwa ningekuwa nao. Baba mdogo aliukumbuka wote. Mimi naukumbuka mstari mmoja na nusu, na mtu wa kuniongezea nusu iliyobaki hayupo. Kila anayeinua simu anaogopa kitu hichohicho, kwamba hiki kitapita na hakitarudi, na hofu hiyo ni ya kweli. Mashabiki wa Radiohead wasingeubeba wimbo wao zaidi ya miaka 20 bila kanda. Hata Pink Floyd walinaswa London mwezi uliofuata, na santuri za wizi zikauzwa kabla albamu haijatoka. Kwa hiyo siwalaumu vijana wenye simu. Nasema tu kwamba kuna kumbukumbu za aina mbili, na moja inaifukuza nyingine ikiachiwa. Ninachokumbuka mimi cha ule usiku kimetoboka, lakini viganja vyangu vimo ndani yake. Kama ningekuwa nimeshika simu, ningekuwa na ubeti wote, na mikono yangu isingekuwa imepiga makofi.

Pengine pepeta inafundisha kipimo. Hakuna anayekata shamba zima kuwa pepeta, angebaki na njaa. Hakuna pia mwenye shamba, kwa watu ninaowajua, anayeacha kukata kikapu kile kimoja, ati mpunga wote uingie kwenye hesabu. Kikapu kile huliwa na waliopo. Watoto waliokuwa wakifukuza ndege hupata, jirani aliyesikia mchi hupata, mgeni aliyepita njiani kwa bahati hupata. Hakipelekwi mnadani. Na mwaka ujao, mtu akisema mpunga wa fulani ulikuwa mtamu, wale waliokula ubichi wake wana la kuongeza, na waliokula wali peke yake hunyamaza wakasikiliza. Bendi iliyotenga usiku mmoja kwa wimbo wake mbichi, mbele ya watu wachache walio tayari kuupokea hivyo, inafanya jambo hilohilo. Naiomba kila bendi ya bonde hili isiache. Nawaomba na wenye baa wawape vijana saa moja ya nyimbo zao kabla ya saa tatu za nyimbo za watu. Na wewe msikilizaji, ukiambiwa haujatoka, iweke simu mfukoni kwa dakika sita. Mikono yako ina kazi.

Usiku ule wa Michenga wimbo ulifika ubeti wa pili, na kijana akasahau. Niliona. Midomo yake iliendelea, sauti ikawa ya kuguna tu, na macho yakamtoka kidogo. Gitaa la solo likazunguka mara mbili kumngoja. Nyuma kabisa, karibu na jiko la mihogo ya kukaanga, mama mmoja aliyekuwa akigeuza vipande vyake kwenye mafuta bila kuinua kichwa alipaza sauti na kutaja neno moja. Lilikuwa neno la shambani, la kawaida, la mtu anayeamka alfajiri. Kijana alilisikia. Akalichukua, akalijaribu mara moja kwa sauti ya chini, akalirudia kwa sauti kamili, na wimbo ukasimama juu yake kama nyumba juu ya nguzo. Mtu mmoja aliinuka na noti mkononi, na nadhani alikwenda kwanza kwa mwimbaji, lakini noti ya pili aliipeleka jikoni.

Pepeta imekwisha, mpunga umevunwa, na sehemu kubwa ya mpunga huo imekwisha kuuzwa. Juzi nilimkuta yule kijana Ifakara mjini, tukasalimiana, akaniambia wanakusanya fedha za studio na kwamba neno la yule mama limebaki palepale. Neno lenyewe silitaji hapa. Wimbo haujatoka.